Nani Anamwogesha Mama

Sakina, Arusha
5 Juni 2024

Kaka Konstantini, shikamoo. Elibariki, hujambo.

Goita imetoka. Daktari alinionyesha ikiwa ndani ya bakuli, nikashangaa kwamba hicho ndicho nilichokibeba shingoni miaka yote huku nyie mkinishauri nivae skafu. Sauti nayo imeondoka. Wanasema itarudi, lakini kwa sasa nikae kimya kabisa, hata kunong'ona nisinong'one. Kwa hiyo simu hainifai. Meseji nazo sizitaki, maana nawajua: mtaandika "mama yupo poa" na kuishia hapo. Andikeni barua, mpeni Marcelino, konda wa basi la asubuhi. Rose, yule binti wa mama mdogo ninayekaa kwake, atazichukua stendi. Kumdanganya mtu ukurasa mzima kunahitaji bidii, na bidii yenu sijawahi kuiona.

Sasa nisikilizeni kuhusu mama. Asubuhi uji wa ulezi. Perege atolewe miiba na mtu mwenye macho, si Elibariki. Ageuzwe mara kwa mara, ubavu huu na ubavu ule, la sivyo mgongo utaota vidonda. Akisema Kigorowa mjibuni Kigorowa, Kiswahili kimeshamtoka kichwani.

La kuoga nimelipanga. Najua kwetu mtoto wa kiume haoni mwili wa mama yake, na sikusudii kuwavunjia mwiko. Mama Yoakimu wa jirani atakuja kila asubuhi. Ni yeye tu ambaye mama anamkubali, wengine anawauma. Mheshimuni sana huyo mwanamke. Mkeo Mama Cornel, kaka, yuko hapo hapo Mutuka, lakini sitamwomba. Mama alimfukuza jikoni mwaka wa harusi yenu na yeye hajasahau, na simlaumu.

Niliahirisha upasuaji huu mpaka nikawa silali kwa kukabwa pumzi, kwa sababu niliogopa kuwaachia mama. Nionyesheni kwamba nilikuwa mjinga. Nataka kurudi Nakwa nimkute yu hai na ngozi yake ni nzima. Kingine siwaombi.

Dada na mdogo wenu,
Antonia

*

Nakwa, Babati
12 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Antonia,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta ukiendelea kupata nafuu kwa uwezo wake Mwenyezi Mungu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa baridi ya Juni, ambayo mwaka huu imekuja na upepo.

Nyumba niliikuta haina utaratibu. Nimeweka utaratibu. Wageni sasa wanakaa sebuleni na si uani kama ilivyokuwa wakati wako. Padre alifika Jumapili kumpa mama sakramenti ya wagonjwa, na alisifu sana kwamba watoto wa kiume wa siku hizi wachache hurudi kumtunza mzazi. Nilimwambia ni wajibu tu.

Elibariki analala mpaka jua linamchoma. Nilipokuwa mwalimu mkuu kule Katesh, kijana wa namna hiyo nilijua pa kumpeleka. Hapa namvumilia kwa ajili yako.

Kuhusu usafi wa mama, ondoa shaka kabisa. Suala hilo nimelishughulikia. Tulia huko utibiwe, usikimbilie kurudi kabla ya wakati. Mwanamke aliyerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa yake huwa anadhani nyumba haiwezi kusimama bila yeye, lakini nyumba hii baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma, itasimama.

Wako katika Kristo,
Kaka yako, Mwalimu Konstantini

*

Nakwa
13 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Mambo ya hospitali pole sana. Sisi tupo, tunasukuma siku. Kaka ameondoa vigoda vyote uani, kwa hiyo nakaa juu ya ndoo.

Nataka nikwambie jambo lakini usipandishe presha. Mama Yoakimu haji tena. Kaka alisikia kanisani kwamba mama huyo alisema kwenye soko la samaki eti mama wa mwalimu mkuu mstaafu hana hata shuka la kubadilishia. Ni kweli hakuna, dada, yale mawili uliyoacha moja lilichanika. Nilikuwa nimepanga kununua. Basi kaka alimngoja getini Jumanne, akamwambia mbele ya watu kwamba familia hii haihitaji mtangazaji. Mama Yoakimu akaweka chini sabuni aliyokuja nayo, sabuni yake mwenyewe, akaondoka.

Nikamuuliza kaka, sasa itakuwaje? Akasema mama si mtoto mchanga. Kila asubuhi anaweka beseni la maji mlangoni kwa mama, anamwambia kwa sauti kubwa, "Mama, maji hayo, nawa." Kisha anatoka, anasimama barabarani amegeuza mgongo, anasalimiana na wapita njia mpaka anapoona imetosha. Anarudi anamwaga maji. Maji ni masafi vile vile, dada. Mimi nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili sikucheka.

Mama mwenyewe anakula kidogo. Mimi nipo.

Mdogo wako,
Elibariki

*

Sakina, Arusha
16 Juni 2024

Elibariki,

Nimesoma barua yako mara mbili, na Rose ameisoma pia maana nilidhani nimeelewa vibaya. Mama amebaki na vidole viwili tu vinavyofanya kazi, na kaka anampelekea beseni! Mama yetu analala kwenye mkojo wake wakati kaka, mwenyekiti wa jumuiya, anapokea wageni sebuleni.

Na wewe unaniambia upo. Upo juu ya ndoo.

Huku nami nimekwama. Kidonda cha shingo kimetunga usaha, wamekifungua upya, nakwenda kusafishwa kila siku. Nilimwandikia daktari kwenye karatasi kwamba nataka kwenda Babati, akaniandikia chini yake: "Ukitaka kufa njiani." Kwa hiyo nimebaki na wewe tu.

Mwogeshe mama. Ndiyo, wewe. Mwiko naujua kuliko wewe, ulikulia bwenini, ulikuwa hujui hata kumwamkia babu kwa Kigorowa. Lakini mwiko uliwekwa ili mama aheshimiwe, haukuwekwa ili aoze. Mtandikie khanga juu yake, ingiza mkono chini, mfute kipande kwa kipande. Maji yawe ya moto, upime kwa kidole kwanza. Mgongo na nyonga uviangalie, hivyo hutavikwepa. Kama kuna laana, nimeichukua mimi, wewe ulitumwa na dada yako mkubwa. Wazee wakiuliza waonyeshe barua hii.

Ukimaliza niandikie. Usinifiche kitu, mficha maradhi kifo humuumbua.

Antonia

*

Stendi ya Babati
20 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Nimefanya. Nakuandikia nikiwa gesti nyuma ya stendi, na hapa chini nitakwambia kwa nini.

Jana kaka alikwenda Mutuka kuangalia mahindi yake yanavyovunwa. Nikachemsha maji, nikapima kwa kidole. Nikamfunika mama khanga yake ya kijani, nikamwosha chini yake kwa kupapasa, naangalia ukutani. Lakini kuhusu mgongo ulisema kweli, huwezi kuukwepa. Nilipomgeuza, shuka lilikuja pamoja naye. Lilikuwa limegandana na kidonda cha kwenye nyonga. Nikalilowesha taratibu mpaka likaachia. Kidonda hicho kidole changu gumba kingeingia chote, dada, na kuna vingine viwili juu yake. Nilitoka nje nikatapika, nikanawa, nikarudi.

Mama hakulia. Alikuwa ananitazama tu. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia, ni Elibariki, wa mwisho. Akafikiri. Halafu akauvuta upindo wa khanga kwa vidole vyake vile viwili vinavyofanya kazi, akajifunika uso. Uso tu. Mwili akaniachia. Nikaendelea mpaka nikamaliza, nikampaka mafuta, nikamvisha gauni safi, na nilikuwa nalia na sijui kama ni kwa aibu au ni kwa nini. Alilala baadaye usingizi mzuri.

Kaka alirudi mapema. Akanikuta namwaga beseni. Kwanza alinipiga kofi, mimi mtu mzima mwenye watoto wawili. Akasema nimeuona uchi wa mama, nimeitia nyumba laana, ataita wazee wachinje kondoo. Yule yule anayeongoza rozari! Nikamwambia, "Mwalimu, mama anahitaji daktari, si kondoo. Nenda kamwangalie nyonga." Akasema hathubutu kuingiza macho yake huko. Nikamwonyesha barua yako, akaichana. Begi langu likatupwa nje ya geti.

Nami nikaondoka. Nadhani sasa aibu itambana, atakwenda kumwangukia Mama Yoakimu. Kesho napanda basi la Singida, duka limefungwa muda mrefu na wateja wa spea hawana subira. Nimejitahidi, dada.

Elibariki

*

Sakina, Arusha
22 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nilifundishwa kuiandika.

Elibariki ameniambia yote. Umemfukuza mwanamke pekee ambaye mama alimkubali, kisha ukamfukuza mtoto pekee aliyethubutu. Umebaki mwenyewe na beseni lako.

Kaka, sikuandikii kugombana. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya wote. Nenda leo kwa Mama Yoakimu, vua kofia, mwambie ulikosea. Hatakuaibisha, namfahamu. Mlete na mganga wa zahanati aangalie nyonga ya mama kabla haijafika mfupani. Vidonda hivyo havingoji. Ukifanya hayo mawili nitaandika kwa padre kwa mkono wangu kwamba wewe ndiye mtoto bora kuliko sisi sote, na sebuleni kwako nitaleta viti vipya.

Na unipigie simu, mimi nisikilize tu. Mweke mama karibu na simu nimsikie akilalamika.

Antonia

*

Nakwa, Babati
8 Julai 2024

Elibariki,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakutumia barua hii kwa dereva wa basi la Singida.

Juzi Jumamosi tumemzika mama. Wewe ulisimama upande ule wa kaburi na mimi upande huu, na hatukusemezana. Hilo tuliache. Sasa kuna jambo linalotuhusu wote wawili, na ndani yake sitaki ubishi.

Antonia asijue. Rose ananiambia kidonda chake hakijafunga na presha inapanda na kushuka. Habari hii itammaliza. Tulilelewa hivyo, mgonjwa hapewi habari ya kifo mpaka asimame kwa miguu yake. Rose alikuja mazishini baada ya kumuaga Antonia kwamba anakwenda kwenye kipaimara, na atatunza siri. Wewe utaandika barua kama kawaida. Mimi nikiandika hataamini, maana ameninunia. Mwambie mama anakula, anaoga, anamsalimia. Kuhusu simu, sema yangu imeharibika na huko kwa mama mtandao unasumbua. Vidonda usivitaje.

Akipona tutamwita, tutamketisha, tutamwambia pamoja na wazee, kama inavyostahili.

Wajibu ni wajibu.

Konstantini

*

Singida
12 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Pole na kidonda. Huku mambo ni mazuri mno. Nilikwenda Babati wiki iliyopita, tumepatana na kaka, tumesameheana. Mama Yoakimu amerudi, kaka alimwomba radhi mwenyewe, huwezi kuamini. Mama anaoga kila siku asubuhi. Mgongo umekauka kabisa. Juzi alikula perege mzima. Anakutaja kwa jina kila akiamka, "Antonia yuko wapi, Antonia yuko wapi," na usiku analala bila kupiga kelele.

Simu ya kaka imeingia maji. Mtandao nao unasumbua. Wewe pona tu, usiwe na haraka.

Mdogo wako akupendaye,
Elibariki

*

Sakina, Arusha
19 Julai 2024

Elibariki,

Juzi Rose alichelewa kazini nikaenda mwenyewe stendi kuchukua barua. Marcelino aliponiona alivua kofia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole sana dada kwa msiba wa mama. Niliwapakia ndugu zako wa Arusha siku ya mazishi, nikajiuliza mbona wewe sikuoni." Kisha akanipa barua yako.

Nikaketi kwenye benchi la stendi nikaisoma. Mama anakula perege mzima.

Nilitaka kupiga yowe, sauti ikatoka kama ya kuku anayechinjwa. Mwanamke mmoja akanipa maji akidhani nimekabwa na chakula. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Rose alipofika nilimwonyesha tu kidole kwenye picha ya mama, akapiga magoti. Mnaona? Sikufa. Mmenifichia ili nisife, na nimejua, na nimekunywa uji, na asubuhi nikaenda kusafishwa kidonda kama kawaida. Mlikuwa hamnihurumii mimi. Mlikuwa mnaogopa nitauliza.

Na mama hajanitaja kwa jina tangu mwaka juzi. Alikuwa ananiita dada yake, yule aliyekufa wakiwa wasichana. Ungelijua hilo kama ungelikuwa unakuja.

Nauliza sasa, na ukinidanganya tena basi hesabu kwamba huna dada. Nani alimwogesha? Siulizi Juni. Nauliza siku ile. Mama akifa ni binti yake anayemwosha mara ya mwisho, hiyo ni haki yangu, miaka yote niliyomwosha akiwa hai ilikuwa njia ya kuelekea siku hiyo moja. Mmeniibia, nitaishi na hilo. Lakini nataka kujua ni mikono ya nani ilimgusa. Mama Yoakimu? Wanawake wa jumuiya? Kama walikuwa wanamcheka kwa vidonda vyake, niambie pia.

Antonia

*

Singida
23 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Sina uso wa kukuandikia lakini umesema nisidanganye.

Mama Yoakimu hakurudi, kwa sababu kaka hakwenda kumwomba. Mganga hakuitwa. Kaka alikuwa akiweka beseni mlangoni, na kumwagilia manukato chumbani wageni wakija. Alhamisi usiku alinipigia, mara ya kwanza tangu tugombane, akasema mama anachemka mwili kama sufuria. Nilipanda basi la kwanza. Nilipofika Ijumaa mama alikuwa ameshafariki alfajiri.

Uani nilikuta wanawake wa jumuiya wamekaa na maji na sanda, Mama Yoakimu akiwa miongoni mwao. Alikuja bila kuitwa. Walikuwa wanangoja kwa sababu mlango wa mama ulifungwa kwa ndani. Wakaniambia Mwalimu amejifungia na maiti tangu asubuhi, amekataa mtu asiingie, wakadhani ni uchungu, wakamwacha. Nikabisha nikajitaja jina, akafungua kidogo, akanivuta ndani, akafunga tena.

Alikuwa amevua koti na kukunja mikono ya shati. Alikuwa amechemsha maji. Maji ya moto, dada, mvuke ulikuwa unatoka kwenye beseni, na nilimwona anaingiza kiwiko kupima kabla ya kuchovya kitambaa. Alishamwosha kichwa na kifua. Alikuwa kwenye mgongo. Hakugeuza macho. Alisafisha kile kidonda cha nyonga mpaka ndani, kwa upole kuliko nilivyoweza mimi, akakiziba kwa pamba, akachana shati lake jeupe la kanisani akakifunga. Vingine pia. Nilimwambia, kaka, mwiko. Akaniambia, "Unadhani nitawafungulia wale wanawake waone hivi?"

Halafu akamvisha gauni lile la Pasaka, la mikono mirefu, akalifunga vifungo vyote. Ndipo akawafungulia. Akawaambia familia imeshakamilisha, wamvishe sanda juu ya gauni. Mama Yoakimu alimtazama muda mrefu, kisha akakunjua sanda. Hakuna aliyeona kidonda hata kimoja. Watu walitoka wakisema Mwalimu alimpenda mama yake.

Ndiyo hiyo. Mimi nilishika taulo tu.

Elibariki

*

Sakina, Arusha
26 Julai 2024

Kaka Konstantini,

Elibariki amenieleza ulivyomwosha mama. Ulichemsha maji, ukapima kwa kiwiko, ukamfikia kila mahali, ukamfunga vidonda kwa shati lako mwenyewe. Anasema ulimshika kwa upole na macho yako hukuyageuza ukutani. Wazee hukuwaita, na kondoo sijasikia amechinjwa.

Usinitumie nauli ya kuja kwenye arobaini. Nitakwenda kaburini siku nyingine, nikiwa na Mama Yoakimu.

Kumbe ulikuwa unaweza.

Antonia